Chumba cha Biri

Nyumbani,
4 Machi

Mama Watoto, mke wangu,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Mimi mzima, presha imetulia kama maji ya mtungini, na dawa nameza kila asubuhi hata kama hupo kunikodolea macho. Binti yetu mpe pole ya kubeba tumbo, mwambie baba yake anasema mtoto asiwe na haraka ya kutoka, dunia iko palepale, haijaenda popote. Simu ya huko kwenu nimeipiga mpaka kidole kimeota sugu. Inalia kama mbuzi halafu inakata. Basi tutaendelea na barua. Nampa dereva wa basi la asubuhi, ananiheshimu sana tangu nilipomfufulia friji ya mama mkwe wake.

Sasa sikia, maana umeolewa na mtu wa dunia bila kujijua. Unamkumbuka nahodha wa ile meli ya nyama, yule mwenye ndevu nyekundu? Majokofu ya meli yake yalipokufa bandarini, mafundi wao wote wakakuna vichwa, nani aliingia kwenye tumbo la ile meli akatoka na nyama bado ni jiwe? Si mimi? Basi juzi amepita tena, akaambiwa nimestaafu, akanitafuta mpaka mlangoni na kasha la mbao kwapani. Ndani yake biri. Usifikirie sigara hizi za kibandani, za kuvuta umesimama na mguu mmoja. Biri ni jani juu ya jani, imeviringishwa ikawa nene kama kidole gumba changu, na ukiinusa unasikia mbao mpya na asali.

Nahodha amenifundisha adabu zake. Moshi hauendi kifuani, unauzungusha mdomoni kama anayeonja mchuzi, halafu unauachia uende zake. Huvuti kwa pupa. Unavua viatu, unakaa, unafungulia redio chini chini, unatazama moshi unavyopanda. Majivu huyagongi, unayaacha yakue. Ni starehe ya mtu aliyemaliza kazi, ndivyo alivyosema, na mimi kazi nimeimaliza.

Ya kwanza niliikata kwa mkasi wa nguo wa Sindano, jirani yetu. Nikaikata kichwa kama samaki, ikafumuka yote mkononi kama bendeji. Ya pili nikaipunguza ncha tu, ikakubali. Nilivuta nusu nikajiona mfalme. Baadaye niliketi sakafuni kidogo, kwa kutafakari. Sindano atakuambia nilitapika. Usimsikilize, mshonaji kazi yake ni kuongeza kitambaa.

Sharti lako nalikumbuka: moshi uani, si ndani. Nalishika kama amri. Ila biri zina adui mmoja, ukavu. Joto letu hili likizipiga zinapasuka kama kisigino. Zinataka hewa yenye unyevu, na katika mji huu mzima nani anajua hewa ya chumba kuliko mimi? Nimeamua kuzilaza katika chumba cha binti. Kiko tupu, kina dirisha moja, na mwenyewe harudi leo wala kesho. Usikunje uso, nakuona kutoka hapa.

Mumeo,
Fundi Baridi
(nimestaafu kazi, sijastaafu ubaridi)


Hukuhuku juu,
9 Machi

Baba Watoto,

Barua yako imefika, ahsante. Sote wazima. Huku ukungu hauondoki, nguo nikianika asubuhi jioni naziondoa zikiwa mbichi vilevile. Mkwe wetu anafundisha shuleni kutwa nzima, anarudi jioni amechoka.

Nina ombi moja, na sikuombi mara nyingi. Toa hizo biri zako chumbani kwa binti. Fungua dirisha, godoro lianike juani, usiweke humo kitu chochote kinachonuka. Usiniulize kwa nini. Nakuomba tu kama mkeo.

Meza dawa.

Mkeo


Hukuhuku juu,
9 Machi

Shemeji Sindano,

Hii isome peke yako, rafiki yako asiione.

Mtoto ameshazaliwa. Alizaliwa siku chache tu baada ya mimi kufika huku, kabla kabisa ya wakati wake. Ni wa kike. Ni mdogo, shemeji, mkono wake mzima hauzunguki kidole changu. Wamemweka kwenye sanduku la kioo hospitalini, anapumua kwa mpira wa puani, na sisi tunamtazama kwa nje kama watu wanaotazama dirisha la duka.

Mapafu yake hayajakomaa. Daktari ametuambia akiruhusiwa asirudi nyumbani kwa binti, maana kule kuta zinatoka jasho na ukungu unaingia mpaka kitandani. Ashushwe kwenye joto, alale chumba kikavu chenye hewa safi, na moshi asiusikie hata wa mbali. Nilimuuliza, akiusikia je? Hakuzungusha maneno. Alisema moshi na uvundo vitamuua.

Chumba tunachokitegemea ni kile cha binti, nyumbani kwangu. Hatuna kingine.

Rafiki yako hajui kwamba ni babu. Siku habari ya msiba wa kaka yake ilipokuja alianguka uani, na wewe ndiye uliyembeba. Daktari wake alituonya, habari nzito asipewe kwa ghafla. Na binti mwenyewe alinishika mkono akaniapisha kwamba baba yake asiambiwe mpaka mtoto atoke salama. Nimeapa, shemeji. Naandika "sote wazima" na kufunga bahasha haraka.

Nisaidie. Fanya ujanja wowote, moshi utoke mle chumbani, lakini sababu asiijue. Wewe una ulimi wa kumuuzia kipofu kioo.

Shemeji yako


Nyumbani,
20 Machi

Mama Watoto,

Nimeisoma barua yako, nikaigeuza nyuma nione kama imeandikwa kitu kingine, sikuona. "Usiniulize kwa nini." Basi siulizi. Ila na mimi sitoi.

Ngoja nikueleze utaelewa. Kule kazini chumba cha nyama tulikipa baridi na unyevu kwa pamoja, maana hewa kavu inainyonya nyama mpaka inapungua uzito. Sasa biri na nyama ni ndugu. Nimechukua ule mpira wa mlango wa chumba cha baridi, niliopewa siku ya kuagwa, nikauzungusha kwenye mlango wa binti. Ukiufunga unasema "fup", kama mlango wa benki. Dirisha nimelipigilia ubao na kuziba nyufa zote. Ukutani nimetundika magunia, nayalowesha asubuhi na jioni, na chini nimepanga mabeseni ya maji. Ukiingia humo unapumua kama uko ndani ya tikiti maji. Biri zimenenepa, zinang'aa, ukiibonyeza moja inarudi kama shavu la mtoto.

Nikikuambia navuta uani nitakuwa nakudanganya, na mimi si mtu wa hivyo, walau si kwa muda mrefu. Uani kuna upepo, moshi unakimbia kabla sijauonja. Nimeingiza kile kiti cha kuegemea na redio. Sindano ameniletea koti la kuvutia, amelishona kwa pazia la zamani, lina kola ya kitambaa laini na maua mgongoni. Jioni tunakaa mle wawili, miguu juu ya kigoda, mlango umefungwa, tunazungumza habari za dunia. Mke wangu, nimefanya kazi umri wangu wote ndani ya baridi ya kugandisha masikio. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa chumbani kwa raha nikiwa na jasho.

Naona wivu unakuuma kidogo. Umezoea kunikuta nakusubiri wewe unipangie jioni yangu. Hii nimeipanga mwenyewe. Nyumba hii nimeijenga tofali kwa tofali, chumba kimoja tu nikikitaka nacho niombewe kibali?

Binti akijifungua, huko mwezi wa tano, nitakifungua, nitakipaka rangi, na mjukuu atalala humo kama malkia. Nakuapia. Mpaka hapo niachieni.

Halafu umeandika mistari michache sana. Wewe hukuwa mtu wa mistari michache. Kuna nini?

Mumeo,
Fundi Baridi


Kibandani kwangu,
24 Machi

Shemeji yangu wa heshima,

Naandika na aibu imenijaa hadi kwenye masikio. Barua yako ilinikuta nimevaa koti. Ndiyo, na mimi nimejishonea, la pazia hilohilo. Ulinituma nikazime moto, kumbe mimi ndiye kuni.

Hata hivyo nimejaribu. Kwanza nilimwambia mle chumbani kuna panya. Akatega mitego mitatu, akakaa anaisubiri akivuta. Nikamwambia nimesikia redioni moshi wa ndani unaleta upara. Akavua kofia akanionyesha kichwa chake, akauliza ni upara upi huo unaobaki kuja. Nikamwambia basi tuhamie kwangu, tuvutie kibandani. Akaniambia vitambaa vya wateja vitanuka. Angalia, shemeji, vitambaa vya wateja anavihurumia.

Kuna jambo jingine, na hili si la kucheka. Ukuta wa upande wa kitanda umeanza kutoa madoa meusi. Mwanzoni yalikuwa kama vidole, sasa yamekutana. Nilimwonyesha. Akasema ni ramani ya nchi alizozifikia kwa mazungumzo. Lakini niligusa kwa kucha, likatoka vumbi laini, nikapiga chafya mpaka machozi. Ni kuvu, shemeji. Chumba kizima kinaota kuvu, na juu ya kuvu kuna moshi. Mimi mtu mzima nikitoka mle kifua kinaniwasha.

Kuna jioni nilikaribia kumwambia. Alikuwa anahesabu kwa vidole miezi iliyobaki ya mjukuu wake, na anafikiria kumpachika jina la utani. Nilimeza maneno na moshi pamoja, nikakohoa, akanigonga mgongoni akacheka, akasema bado sijafuzu.

Niambie nifanye nini. Ujanja umeniishia.

Sindano


Hukuhuku juu,
2 Aprili

Shemeji,

Mpira wa puani umetolewa. Anapumua mwenyewe, kwa shida, lakini mwenyewe. Hospitali wanahitaji nafasi, kuna wengine wanasubiri. Daktari ataturuhusu Ijumaa, na Jumamosi tunapanda basi la mchana kuja nyumbani. Binti ameshafunga mizigo. Kila siku ananiuliza chumba chake kikoje, namwambia kinakusubiri. Sijawahi kumdanganya mwanangu kiasi hiki.

Nimekaa nikafikiri sana. Kiapo nilichoapa nilikiapa kwa ajili ya mtoto apone, na sasa kiapo hichohicho ndicho kitakachomuua. Kwa hiyo mwambie. Mwambie yote. Lakini akae kwanza, awe amemeza dawa, maji yawe karibu, na wewe usimwache hata dakika moja. Akishika kifua kimbilia zahanati.

Sina mtu mwingine wa kumtuma. Nikiwapoteza wote wawili wiki moja sijui nitarudi kwenye nyumba gani.

Shemeji yako


Kibandani kwangu,
6 Aprili

Shemeji,

Nimemwambia. Yuko hai, nalitanguliza hilo.

Niliingia kwake alasiri. Alikuwa kwenye kiti chake, amewasha, majivu yamekuwa marefu kama kidole na anayatunza yasianguke. Nikahakikisha dawa amemeza. Maji niliyaweka kwenye kigoda. Nikamwambia azime kwanza. Akaniambia mimi ni mshamba, biri haizimwi kama mshumaa, inaachwa ife yenyewe kwa heshima. Nikakaa chini kabisa, sakafuni, ili akianguka aniangukie mimi.

Nikasema, "Kaka, wewe ni babu tayari."

Alicheka. Akasema mshonaji leo umekata bila kupima. Mimi sikucheka. Akanitazama, na kile kicheko kikaondoka usoni taratibu, kama mtu anayevuliwa nguo. Nikamweleza kila kitu, sanduku la kioo, mapafu, daktari alivyosema, basi la Jumamosi, chumba. Nilieleza haraka haraka nikimtazama kifuani. Majivu yalidondoka kwenye koti, hakuyapangusa.

Hakuuliza kwa nini alifichwa. Hakuuliza ni nani mwingine anajua. Aliuliza neno moja tu.

"Anapumua?"

Nikamwambia anapumua mwenyewe. Akaitazama ile biri mkononi mwake, akaitumbukiza kwenye beseni la maji. Akasimama, akapitisha kiganja ukutani, kwenye yale madoa, akanusa kiganja. Nikamwona fundi, shemeji. Ile sura ya siku zote ya mizaha iliondoka, akabaki mtu wa kazi anayekagua mtambo ulioharibika. Aliukagua ukuta wote. Halafu akaniambia, "Nenda nyumbani."

Nikamwambia nimeagizwa nisimwache. Akaniambia basi kaa uani. Nimekaa uani. Nilianza kusikia nyundo. Plasta inaanguka vipande vipande, inatoka dirishani kama mawingu, maana dirisha ameling'oa na fremu yake. Kila nikichungulia ananifukuza kwa mkono. Ananyamaza, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Tumekuwa majirani tangu ujana, sijawahi kumsikia akinyamaza.

Nitalala hapahapa uani. Barua nampa dereva alfajiri.

Sindano


Nyumbani,
7 Aprili

Mke wangu,

Sikuanguka.

Naanza na hilo kwa sababu naona ndilo lililowafunga mdomo. Niliposikia habari ya kaka nilianguka, kweli. Lakini kaka alikuwa ameshakufa, sikuwa na la kumfanyia ila kuanguka. Huyu anapumua. Mtu hawezi kuanguka wakati kuna mtu anapumua kwa shida na yeye ana mikono.

Nimekasirika, na nitakasirika vizuri tukionana. Mmenibeba kama yai. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi ningeambiwa kwa kilio, nikiwa nimevaa koti la pazia. Lakini hasira yangu haifiki mbali, kila ikianza safari inakukuta wewe umesimama mbele ya kioo peke yako, unaandika "sote wazima", na mimi nakujibu habari za majivu marefu. Nimeuliza "kuna nini" mstari wa mwisho kabisa, baada ya kujisifia kurasa mbili. Ningeuliza wa kwanza.

Sasa sikiliza, hili ndilo la maana, na muda ni mfupi. MSIJE.

Nimebomoa plasta ya chumba chote, nimetoa dari, nimetoa mlango, nimechoma magunia mbali na nyumba. Sindano amebeba vifusi mpaka kucha zimekatika. Jua linaingia mle sasa kama kwake. Ningeweza kupaka chokaa sasa na rangi usiku, na kesho Jumamosi binti angeingia akaona chumba kinameremeta, akanikumbatia. Na nilitaka hivyo, sikufichi. Nilikuwa nimeshachanganya chokaa.

Lakini mimi najua kuta. Msimu mmoja mfanyabiashara alileta siagi, tukamwekea kwenye chumba kilichokuwa na vitunguu. Vitunguu tulivitoa, tukasugua kuta kwa sabuni, tukafungulia mapangaboi, sisi wenyewe tukiingia hatusikii harufu yoyote. Siagi ilikaa mle, ikatoka kitunguu. Ukuta haukuambii kilichomo ndani yake, unamwambia anayelala humo. Na huyu wetu ni mwepesi kuliko siagi. Moshi umeingia kwenye mbao za paa, kuvu imeingia kwenye tofali, na nyumba yetu yote inapumua kupitia mle. Nyumba hii haimfai. Haitamfaa mpaka jua lipite juu yake kiangazi kizima.

Na ujue nilivyokosea, maana kosa la namna hii mwanagenzi wa mwezi wa kwanza angecheka. Kule kazini unyevu tuliupa kwa sababu tulikuwa na baridi. Baridi ndiyo iliyoilaza kuvu usingizi. Mimi nikachukua unyevu, baridi nikaiacha kazini, nikafunga mlango kwa mpira. Nimelima shamba la kuvu chumbani kwa mwanangu, tena nikalikalia na kiti. Fundi Baridi alisahau baridi. Sindano ameahidi hatalitangaza. Atalitangaza.

Sasa mtoto aende wapi? Nilikaa kwenye kifusi nikafikiri. Daktari anataka nini? Joto, ukavu, hewa safi. Hakutaja mji. Maisha yangu yote nimekuwa nikizuia joto la nje lisiingie ndani. Si ni kazi ileile kulizuia la ndani lisitoke nje? Nimekwenda kwa wenzangu kazini, wamenipa mbao za kizibo, lile gome jepesi lisilopitisha joto wala baridi, zilizobaki kwenye chumba kilichovunjwa, safi, kavu, zimenuswa na watu watatu wasiovuta. Zitakuja juu ya basi. Nitakuja na mimi. Nipeni chumba cha kulala cha binti, nizifunike kuta na dari kwa ndani, niinue sakafu isiguse ardhi, niweke tundu la hewa kuingia chini na tundu la kutoka juu, maana safari hii siwezi kusahau kwamba chumba lazima kipumue. Jasho la ukutani linatokea hewa ya joto inapogusa ukuta wa baridi. Isipougusa, hakuna jasho. Hilo nalijua hata nikiwa nimelala.

Lakini muulizeni daktari. Nendeni na barua hii, mumsomee sehemu hii, muache za mizaha. Akisema hapana, ni hapana, nami nitauliza anataka nini, nitafanya hicho. Na aseme pia mtoto abaki wapi mpaka chumba kiishe. Kama hospitali hawana nafasi, mkwe wetu aombe chumba cha mgonjwa pale shuleni kwao, kwa siku chache tu, hata kwa kupiga magoti. Mimi nitakuja kumpigia magoti mwalimu mkuu mwenyewe, napiga magoti vizuri.

Barua hii nampa dereva mkononi, nimemwapisha asiiweke pamoja na mizigo. Akichelewa mtakuwa mmeshapanda. Mkiwa mmepanda, shukeni.

Na biri za nahodha nimemalizana nazo. Zilizobaki nimempelekea mlinzi wa bandari, yeye hana mtoto wala ukuta, analala nje. Koti nimelichoma. Nimeoga mpaka ngozi imelalamika. Sijui inachukua muda gani moshi kumtoka mtu. Kama daktari atasema nisimame mlangoni nitasimama mlangoni, nifanye kazi akiwa hayupo, niondoke akirudi.

Mwambie binti sina neno naye. Mwambie hivyo tu, usiongeze.

Mumeo


Shuleni,
10 Aprili

Baba,

Barua yako ilitukuta stendi. Mizigo ilikuwa juu ya basi, mama ameshakaa dirishani, mtoto nimemfunga kifuani chini ya koti. Dereva aliyetoka kwenu alikuwa anapita kila basi, akiuliza kwa sauti ni nani hapa mke wa Fundi Baridi, mpaka watu wakaanza kucheka. Mama aliisoma akiwa amesimama, na kondakta anampigia kelele. Halafu akasema tushuke. Nilimkatalia. Nilidhani ni ubishi wako wa siku zote, kwamba hutaki kuachia chumba. Akanipa ile karatasi yenye siagi na vitunguu. Nikashuka.

Daktari ameisoma yote, hata ya mizaha, hatukuweza kumzuia. Aliuliza kama kizibo kina dawa ya wadudu. Kama hakina, amesema jenga. Atakuja mwenyewe kukikagua kabla mtoto hajalala humo. Kuhusu wewe, amesema uoge, uvae nguo zilizofuliwa huku, usivute tena hata uani, halafu utamshika. Si mlangoni. Utamshika.

Mwalimu mkuu ametupa chumba cha wagonjwa mpaka mwisho wa wiki. Kina jiko la mkaa lakini tumelitoa nje, tunamtia joto kwa zamu, kifua kwa kifua, mimi, mama, na mume wangu akitoka darasani. Usiku wa jana alipumua vibaya. Tulikaa macho wote watatu tukimsikiliza. Alfajiri akatulia. Sijui kama leo atapumua vizuri, Baba. Hakuna anayejua. Ndiyo maana naandika haraka.

Mama anadhani nilikuficha kwa sababu ya moyo wako. Nilimwacha adhani hivyo. Ukweli ni kwamba siku ile walipomweka kwenye kioo, nilijua ukija utasema neno la kunichekesha. Hushindwi, hujawahi kushindwa. Na nilijua nikicheka tu, nitalia, na nikilia siku ile nisingeweza kusimama tena, na yeye alihitaji nisimame. Kwa hiyo nikamwapisha mama.

Sasa nimechoka kusimama. Basi la asubuhi linafika huku kabla ya adhuhuri. Njoo nalo, na usinyamaze.

Binti yako